Mtunza Boila wa Mahakama ya Prewitt

Watu wa Halden wakimwonyesha mgeni mahakama yao huanza na mnara. Mimi naanza na boila, mtambo wa kulipasha jengo joto. Mnara haujawahi kumfaa mtu. Saa yake ilikuwa nyuma kwa dakika kumi na moja tangu nikiwa mtoto, na kila aliyepanda kwenda kuirekebisha alishuka na vumbi na visingizio. Boila ilikuwa chini, upande wa kaskazini, katika chumba cha mawe kisicho na dirisha, na mtunzaji wake alikuwa Otakar Benda, Mcheki mfupi mwenye masharubu yaliyoungua upande mmoja.

Mimi naitwa Leota Gerlach. Nilikuwa karani wa hati mkato wa mahakama hiyo kwa miaka thelathini na mmoja, na kumi na mmoja ya kwanza nilikuwa na Benda. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila neno lililosemwa mbele ya jaji, liwe la wakili, la shahidi au la mlevi aliyekamatwa na kuku wa watu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nafikiri nini. Sasa nimestaafu, na naandika bila kuulizwa.

Benda alitoka kwao Bohemia akaja Marekani akiwa na miaka kumi na saba. Akalaza reli, akachinja nguruwe Omaha, akaoa, na mwaka 1909 kaunti ikamwajiri kutunza boila ikiwa bado mpya. Yeye na mkewe Anezka walipewa vyumba viwili kando ya boila, na huko ndiko Anezka alikofia, bila mtoto. Kuanzia hapo mzee hakutulia tena. Kutwa nzima alipanda na kushuka ngazi na kopo la mafuta mkononi, hata pasipokuwa na cha kupaka mafuta. Ukimkuta chini ukamuuliza anakwenda wapi, anajibu, "Juu." Ukimkuta juu, "Chini." Kwenye mgahawa ulio ng'ambo ya uwanja walikuwa wakisema daktari amemkataza viti.

Sikuwa na haki ya kumcheka. Hata mimi siwezi kukaa mahali pamoja isipokuwa nina kalamu mkononi.

Ili umwelewe Benda lazima ujue jengo lenyewe, na ili ujue jengo lazima nikwambie ukweli ambao chama cha wapenda historia hakiuandiki: Kaunti ya Prewitt imejenga mahakama nne, na hakuna hata moja iliyojengwa na watu waliotulia. Ya kwanza, mwaka 1871, ilikuwa ya mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake, kwa sababu huku hakukuwa na mti wa kukata. Inasemekana nyoka alidondoka kutoka darini katikati ya kesi ya ng'ombe. Jaji akaahirisha kesi, na nyoka akabaki.

Ya pili ilikuwa ya mbao, na ilijengwa Dunmore, mji jirani, kwa kuwa Dunmore walishinda kura ya makao makuu ya kaunti kwa kuwapigia kura hata marehemu wao. Watu wa Halden hawakukata rufaa. Januari moja, mto ulipoganda, walikwenda na maksai thelathini na wawili, wakapitisha magogo chini ya jengo, wakalivuta zima zima juu ya barafu hadi kwetu. Karani wa hati za ardhi alikuwa ndani na alikataa kutoka. Aliendelea kuandika njia nzima, na mwandiko wake wa siku hiyo ninao, unapanda na kushuka kwenye karatasi. Mpaka leo mtu wa Dunmore hanunui mkate Halden.

Ya tatu ilikuwa ya matofali, iliyojengwa kwa haraka ili Dunmore wasije kuivuta na wao. Waliisimamisha mahali ambapo nyati walikuwa wakigaagaa tangu enzi na enzi, pamebonyea, panateleza, na kila mtu alipajua. Kufika mwaka wa sita ungeweza kupitisha mkono kwenye nyufa ukamsalimia mtu aliye nje.

Ya nne ndiyo hii, ya mwaka 1889. Mawe mekundu, matao mazito mlangoni, minara midogo pembeni na mkubwa katikati. Mbunifu aliyeichora aliwaapia makamishna wetu kwamba hakuna jengo kama hilo duniani. Miaka miwili baadaye wakaenda mazishini kaunti ya mbali na wakaikuta mahakama yao imesimama huko, tao kwa tao, dirisha kwa dirisha. Ramani ile ile iliuzwa mara tatu. Walirudi kimya na wakakubaliana kutosema, na kwa sababu hiyo kila mtu anajua.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho kwetu kilikuwa tofauti, na tofauti hiyo tuliileta wenyewe. Kwenye ramani, chumba cha jopo, kile ambamo raia kumi na wawili hufungiwa waamue kama mtu ana hatia, kiliwekwa ghorofa ya tatu, mbali na kila sikio. Makamishna wakatazama urefu wa bomba la bati la kupeleka hewa moto mpaka huko juu, wakaona ni upuuzi. Wakakihamishia ghorofa ya pili, juu kabisa ya tanuri, ili bomba liwe fupi na linyooke. Mwaka 1908 ikaja boila ya mvuke. Mafundi wakang'oa tanuri la zamani, lakini bomba lile wakaliacha ukutani. Juu lilifunikwa wavu wa chuma wenye maua, sakafuni, chini ya meza ya jopo. Chini lilikuwa wazi, kimo cha uso wa mtu, hatua tatu kutoka kwenye mlango wa boila.

Mtu akikohoa juu, Benda alimsikia chini. Mtu akinong'ona juu, Benda alimsikia pia.

Sheria haina mzaha na jambo hili. Jopo likiingia chumbani, askari wa mahakama husimama mlangoni, na hata jaji haruhusiwi kusogea. Benda alipaswa kusema siku ya kwanza. Siku ya kwanza, aliniambia baadaye, alidhani ni mizimu inagombana kuhusu nguruwe. Wiki ya kwanza alikuwa mgeni, Kiingereza chake cha kubabaisha, akaogopa kwamba ataonekana analalamikia jengo. Mwezi wa pili aliogopa wangemuuliza kwa nini hakusema wiki ya kwanza. Mwaka wa tano ilikuwa haiwezekani tena.

Basi akasikia. Miaka ishirini na miwili alisikia kesi za wizi, za mipaka, za ugomvi wa vilabuni, na hakumwambia mtu. Ila dohani ilimsema. Makamishna walikuwa wakali kuhusu makaa ya mawe, kwa hiyo Benda aliposikia jopo limekubaliana aliacha kutia makaa, na moshi ukapungua. Watu mgahawani wakaliona hilo. Hawakujua sababu, walidhani mzee ana hisia za ajabu, lakini mawakili wote wa Halden walijifunza kunywa kahawa huku wakitazama dohani. Moshi ukiwa mwembamba, wanavaa makoti. Nimeona mawakili sita wakivuka uwanja kwa pamoja, na askari wa mlangoni bado hajabishiwa hodi.

Kwangu mimi Benda alikuwa mwema kupita kiasi, na nasema kupita kiasi kwa sababu iliniudhi. Nilianza kazi mwaka 1920 nikiwa na miaka kumi na tisa. Kila asubuhi ofisi yangu ilikuwa ya kwanza kupata joto, kabla hata ya ile ya jaji. Kila Ijumaa nilikuta mezani sahani ya kolache, maandazi ya kwao yaliyojazwa plamu, yamefunikwa kitambaa. Wenzangu walinitania kwamba mzee anaposa. Nilimwambia aache. Alisema sawa, na Ijumaa iliyofuata yakaja ya mbegu za mpopi.

Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka kazi ile, na haikuwa mshahara. Baba yangu alihukumiwa katika mahakama ile ile mwezi Mei 1918, kwa wizi wa farasi wawili ambao hakuwaiba. Wakili alimwambia mama kesi tumeshinda, pika chakula. Watu kumi na wawili wakaingia chumbani, wakatoka baada ya saa nne, wakasema ana hatia. Baba akafa gerezani kwa homa ya mafua mwezi Novemba mwaka ule ule. Kwa hiyo nilijifunza hati mkato mpaka vidole vikavimba, ili nikae mahali pale na kuona mambo yanavyofanyika. Niliona kila kitu isipokuwa kile nilichokitaka, maana kinachosemwa chumbani mwa jopo hakiandikwi na mtu yeyote.

Sasa nije kwenye kesi ya Vojta Marek, Januari 1931.

Vojta alikuwa mtoto wa dada yake Benda, kijana wa miaka ishirini na mitatu, kibarua kwenye shamba kubwa nje ya mji. Agosti iliyotangulia ghala la shamba lile liliungua na ng'ombe tisa ndani yake. Vojta alikuwa amegombana na tajiri yake wiki hiyo. Jirani mmoja, Bi Crowell, akaapa kwamba akiwa dirishani jikoni kwake, mbalamwezi inawaka, alimwona Vojta akitoka ghalani mbio. Hakukuwa na ushahidi mwingine. Wakili wa utetezi alipoteza siku mbili nzima akibishana kuhusu mwezi: ulikuwa na ukubwa gani, ulichomoza saa ngapi, ulikuwa upande upi. Nilichoka kuandika neno mwezi.

Benda hakuingia mahakamani hata mara moja. Nilimwona ngazini tu, anapanda, anashuka.

Alhamisi saa nne asubuhi jopo likaingia chumbani. Saa tano na nusu likatokea jambo la ajabu. Jengo zima likaanza kuwaka joto. Mabomba yaligonga kama mtu amefungiwa ndani yake, rangi ya ukuta ikatoa harufu, na jaji, Amory Tuttle, mtu aliyevaa koti lake hata Julai, akavua koti. Nilitazama nje. Madirisha ya chumba cha jopo yalikuwa yamefunguliwa yote, theluji inaingia, na mikono ya watu inajipepea kwa kofia. Moshi wa dohani ulikuwa mweusi, mzito, haujawahi kuwa hivyo. Mgahawani mawakili walivua makoti, wakavaa, wakavua tena.

Saa saba joto likakatika ghafla. Ndani ya saa moja wino ukawa mzito kwenye kidau changu. Askari wa mlangoni akashuka kumuuliza Benda ana nini leo. Benda alimwambia boila ina hasira.

Nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta amesimama na koleo, jasho linamtiririka ingawa chumba kilikuwa baridi, na hakuwa akitazama boila. Alikuwa akitazama ukuta. Aliponiona alinishika begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanigeuza na kunitoa nje. Alisema makaa yana vumbi, nitakohoa.

Saa tisa jopo lilirudi na meno yakigongana. Vojta Marek ana hatia. Adhabu itasomwa Jumatatu. Sheria iliruhusu mpaka miaka ishirini.

Ijumaa hapakuwa na kolache. Benda mwenyewe alikuja, kofia mkononi, akasimama mlangoni akibadilisha mguu huu na huu.

"Bi Leota, mtu akimwambia jaji neno, lazima liandikwe?"

"Likisemwa rasmi, lazima."

"Na anayeandika ni wewe?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Hata wa kuazima? Hata kutoka Dunmore?"

Nikacheka. "Mzee Benda, mtu wa Dunmore akiandika humu, kuta zitaanguka."

Hakucheka. Aliitazama kalamu yangu, akasema basi, na akaondoka. Siku ile na Jumamosi yote nilisikia viatu vyake ngazini, ngazi sitini na nne kwenda, sitini na nne kurudi, mpaka nikatamani kumfungia mahali. Nilijua anahangaika kwa ajili ya mpwa wake. Nani asingehangaika? Nilimhurumia, na nilikasirika kwa kuwa huruma ile ilinikumbusha mama yangu akizunguka jikoni na chakula alichoambiwa apike.

Jumatatu saa mbili na nusu aligonga mlango wa jaji. Jaji alimwuliza kama ni habari ya boila. Benda alisema ndiyo, kwa namna fulani, na kwamba anaomba mawakili wote wawili waitwe, na Bi Gerlach aje na kalamu. Hivyo ndivyo alivyosema. Alikataa kiti. Aliongea akiwa amesimama katikati ya zulia, kofia tumboni, na nikaandika.

Alieleza habari za bomba. Alieleza kwa ufupi kabisa, kama mtu anayetua mzigo, na mawakili wakatazamana, na nadhani wote wawili walikuwa wanafikiria dohani. Jaji Tuttle alipauka. Kisha Benda akasema alichosikia Alhamisi. Kulikuwa na watu wanane waliotaka kumwachia Vojta. Ndipo Homer Spilde, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akawaambia kwamba yeye Jumapili, kesi ikiwa bado inaendelea, alikwenda nyumbani kwa Bi Crowell, akaingia jikoni na kusimama dirishani mwenyewe. Ghala linaonekana wazi, alisema, hata misumari unaihesabu. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo, je, ile safu ya miforsadi iliyo kati ya dirisha na ghala? Spilde akasema miti ni miti, mimi nimeona kwa macho yangu. Mwingine akasema ng'ombe wake hawajakamuliwa. Wakaanza kugeuka mmoja mmoja.

"Nilijaribu kuwatoa kwa joto," Benda akasema. "Nikajaribu kwa baridi. Walizidi kuharakisha tu."

Jaji akamwuliza ana hoja gani kuhusu miti.

"Mheshimiwa, mimi huenda kuchuma forsadi kwa yule mama kila mwaka. Spilde alisimama pale Januari, matawi matupu. Ghala liliungua Agosti, majani yamejaa. Agosti ukisimama jikoni kwa Bi Crowell, huoni hata choo chake."

Wakili wa utetezi, aliyekuwa amehangaika siku mbili na mwezi, alifunika uso kwa viganja.

Nitasema yaliyofuata kwanza, kwa sababu nikifika mwisho sitaki kurudi nyuma. Spilde aliitwa siku hiyo hiyo, na hakukana. Alikasirika. Alisema alitaka kuwa na hakika, na akauliza tangu lini kutaka hakika kumekuwa kosa. Hakuelewa, na mpaka anakufa hakuelewa, kwamba kila siku jioni jaji alikuwa akiwakataza jambo lile lile hasa, na kwamba alichokiona peke yake hakuna wakili aliyeweza kukihoji. Uamuzi ukafutwa. Aprili kesi ikasikilizwa upya, na jaji akaahirisha hukumu mpaka Juni ili jopo jipya lipelekwe kihalali jikoni kwa Bi Crowell. Wakasimama dirishani wote kumi na wawili, kwa zamu, wakaona majani. Vojta akaenda zake nyumbani.

Bomba lilijazwa saruji, juu na chini. Wavu wenye maua ukatolewa, na chama cha wapenda historia wameutundika ukutani bila kueleza ulikuwa wa nini. Benda alifukuzwa kazi ndani ya juma lile. Mgahawani wengine walimwita shujaa, wengine wakamwita panya wa ukutani, na wote waliacha kumwita kwa jina. Alihamia kwa Vojta, na huko akaishi miaka sita akizunguka ua, nasikia, mpaka akachimba njia kwa miguu yake. Kesi zote za miaka ishirini na miwili zikabaki kama zilivyo, isipokuwa moja iliyofunguliwa tena, na hiyo ndiyo niliyoiruka.

Benda alipomaliza kueleza habari za miforsadi, mawakili waliinuka. Walidhani ameshasema yote. Mimi pia nilidhani hivyo, na nilikuwa nimeanza kukausha kalamu. Jaji Tuttle hakuinuka. Alikuwa mtu mwenye haki, na alikuwa amechukizwa.

"Bwana Benda," akasema, "umesikiliza miaka ishirini na miwili. Umepanda ngazi leo kwa sababu ni mtoto wa dada yako. Unataka niamini kwamba hii ndiyo mara ya kwanza umesikia mtu anafungwa kwa neno ambalo halikupaswa kusemwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni mara ya pili."

"Ya kwanza ilikuwa lini?"

"Mei, mwaka kumi na nane. Kesi ya farasi wawili."

Mkono wangu uliandika. Mkono una mazoea yake, huandika kabla hujasikia. Mei, mwaka kumi na nane, farasi wawili.

"Saba walitaka kumwachia," Benda akaendelea. Hakuwa akimtazama jaji tena. "Walisema farasi walipotea wenyewe, hata alama za kwato zipo. Mmoja akasema, hilo si swali. Akasema mtu huyu anasali Kijerumani na watoto wetu wako vitani. Akawauliza mmoja mmoja, majina yao, wewe unaye mtoto Ufaransa? Wewe je? Baada ya saa moja wakawa wamekubaliana wote. Hakuna aliyetaja farasi tena. Na mimi nilikuwa na karatasi za Austria iliyotawala kwetu, Mheshimiwa. Nilikuwa adui kwenye daftari la serikali, na mke wangu kaburini miaka miwili, na sina pa kwenda. Niliogopa. Nikatia makaa."

Nilikuwa nimesubiri maneno yale miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimeyatafuta katika kila kesi, kwenye kila uso uliotoka katika chumba kile, na yalikuwa chini yangu wakati wote, hatua tatu kutoka kwenye mlango wa boila, yananipashia ofisi joto. Nilimchukia. Nikamhurumia pia, na chuki haikuondoka.

Jaji alikuwa ameelewa. Alinigeukia taratibu.

"Bi Gerlach, weka kalamu chini. Hili tutaliangalia siku nyingine, kwa karani mwingine."

Sikuiweka. Miaka kumi na mmoja sikuwahi kusema neno langu mwenyewe katika shughuli ya mahakama, ila lile moja ambalo kazi inanidai, pale jina la mtu linapotakiwa kuingia kwenye kumbukumbu.

"Shahidi ataje jina la mshtakiwa," nikasema.

"Konrad Gerlach," Benda akasema.

"Herufi kwa herufi, tafadhali."

"Leota," jaji akasema. Hakuwahi kuniita hivyo.

"Herufi kwa herufi."

Benda alianza. Alitaja G, akataja E, akataja R. Kwenye L akasimama, na wakili mmoja akasogea kumshika mkono, naye akamzuia. Nilisubiri, ncha ya kalamu juu ya karatasi. Akaendelea mpaka herufi ya mwisho, hakuruka hata moja.

Sheria inataka maelezo ya namna hiyo yasomwe kwa sauti kabla hayajatiwa sahihi. Nikasimama, nikasoma yote tangu mwanzo, ya bomba, ya miforsadi, ya farasi, na nilipofika kwenye jina la baba yangu nililisoma polepole, ili kila aliyekuwemo chumbani alisikie.